"Kumbe Hata Nyinyi Mwaweza!" Walimu wa Malindi na Lamu Wauliza

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka pwani ya kaskazini, Malindi hadi visiwa vya Lamu, na tukiziweka pamoja zauliza jambo moja. Neno dogo limetoka darasani, limemchoma mtoto mmoja, wenziwe wamecheka. Mwalimu afanye nini? Hatuzungumzii matusi. Tusi kila shule ina kanuni yake. Twazungumzia neno ambalo aliyelisema, ukimbana, atakwambia "kwani nimesema nini?", na pengine hadanganyi.

Aliyelipa jambo hili jina la kitaalamu, "microaggression" kwa Kiingereza, ni Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1970, akieleza madhila ya kila siku ya Wamarekani weusi. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue na wenzake waliyagawa mafungu matatu: dharau ya makusudi, dharau inayomtoka mtu bila kujua, na ile ya kumkana mwenzio yanayompata ("hayo unayawaza tu"). Sisi hapa tutaziita dharau ndogo ndogo. Neno kijembe lakaribia ila halitoshi, kwa kuwa arushaye kijembe anajua anamlenga nani. Mwenye dharau ndogo mara nyingi hudhani amesifu.

SWALI: Nafundisha Hisabati Gredi ya 7, Malindi mjini. Nina msichana Mgiriama atokaye upande wa Ganda, hodari sana. Wiki jana alifanya hesabu ya sehemu ubaoni akaipata, na mvulana wa deski la mbele akasema kwa sauti, "Kumbe hata nyinyi mwaweza!" Darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Nikaona mambo yamekwisha, nikaandika hesabu nyingine. Tangu siku hiyo hainui mkono. Nilikosea wapi, na ningefanya nini pale pale? (Mwalimu wa kike, Malindi)

JIBU: Cheko lake ndilo lililokudanganya, mwalimu. Mtoto anayechekwa na watu arobaini hana pengi pa kukimbilia: alie, ajibu, au acheke nao. Kucheka ndiko kwenye gharama ndogo, basi hucheka. Usilisome cheko kuwa ni ruhusa.

Kosa la pili ni kasi. Ulipogeuka ubaoni, darasa halikuona mwalimu aliyepuuza upuuzi. Liliona mwalimu aliyesikia akaridhia. Watoto hawajui kusoma nia ya mwalimu aliyewapa mgongo.

Sasa ya pale pale. Kazi yote haizidi dakika moja, na ikizidi imeharibika. Weka chaki chini, geukia darasa, nyamaza kwa hesabu ya tatu. Usipaze sauti. Ukifoka, habari inaacha kuwa neno lile inakuwa hasira zako, na mvulana atatoka pale ama shujaa ama mwonewa. Kisha rudia neno lenyewe kama lilivyosemwa, bila kumwigiza: "Nimesikia, 'Kumbe hata nyinyi mwaweza.'" Halafu swali moja tu, kwa sauti ile ile unayoulizia saa: "'Nyinyi' ni kina nani?"

Nyamaza tena. Hapa ndipo walimu wengi huingiwa na huruma wakamjibia. Mwache. Atasema "natania tu, mwalimu", au ataangalia deski. Yote mawili yatosha, kwa sababu darasa zima sasa limeisikia ile "nyinyi" ikining'inia bila mwenyewe. Usimuulize "kwa nini umesema hivyo?" Swali la "kwa nini" lamfungulia mlango aeleze, na maelezo yake ndiyo dharau yenyewe kwa urefu zaidi. Msichana ataisikia mara mbili.

Umalizie kwa sentensi moja ya mpaka: "Humu hesabu hufanywa na mtu, haifanywi na kabila, neno hilo hatulisemi." Basi. Rudi ubaoni, na urudi kwa kazi ya msichana, usirudi kwa uchungu wake. Kama hesabu ilikuwa theluthi mbili ujumlishe sudusi moja, sema: "Hapa mwenzenu amegeuza theluthi mbili kuwa sudusi nne kabla ya kujumlisha. Kwa nini asili imekuwa sita?" Mwulize kwa upole kama ataeleza yeye au utaisoma wewe, umwachie kuchagua. Jawabu ni sudusi tano, na darasa limerudi kwenye Hisabati.

Mambo matatu huharibu dakika hiyo. La kwanza ni makofi. "Hebu tumpigie makofi!" yasema kwa viganja yale yale aliyosema mvulana kwa mdomo: kwamba kuipata kwake ni ajabu. La pili ni kumlazimisha mvulana aombe radhi pale pale. Atasema "pole" huku anatabasamu, darasa litacheka mara ya pili, na msichana atatakiwa akubali mbele ya watu radhi ambayo hakuiomba. La tatu, kumuuliza msichana hadharani, "Umeudhika?" Atakwambia la. Nani angesema ndiyo?

Siku hiyo hiyo uonane na msichana, dakika mbili au tatu. Usimwite ofisi ya walimu, maana kuitwa ofisini kwajulikana maana yake na wenziwe wataona ameshtaki. Mpe madaftari akusaidie kuyabeba, mzungumze njiani. "Nililisikia neno lile. Halikuwa sawa. Kulijibu si kazi yako, ni yangu. Kuna jambo ungependa nifanye, au nisifanye?" Akisema hakuna, kubali hakuna. Usimchimbe.

Mvulana naye mwone peke yake, baadaye, na si siku hiyo kama ungali na hasira. Usianze na nia yake, kwa sababu nia hutaiona na mtabishana hadi kengele. Anza na neno: "Wewe umekaa nyuma, mtu wa darasani akakwambia kumbe hata nyinyi mwaweza. Wewe ungesikia nini?" Mtoto wa miaka kumi na miwili hujibu swali hilo vizuri kuliko watu wazima. Fimbo iache kabisa. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 chakataza adhabu ya kumpiga mwanafunzi na hata ya kumtesa kiakili, na mtoto aliyechapwa kwa sababu ya mwenziwe ana deni la kumlipa mwenziwe.

Lakini wiki imepita, na wewe wauliza ya sasa. Hujachelewa. Mwanzo wa kipindi sema: "Wiki jana lilisemwa neno hapa la kuona ajabu mtu wa kabila fulani kuweza hesabu. Nililiacha lipite. Nilikosea kuliacha." Usimtaje msichana wala mvulana, wote wanajua. Kisha umtengenezee msichana njia ya kurudi. Mwambie jioni kwamba kesho utamuuliza swali la 4, alitazame nyumbani. Darasani wape watoto dakika mbili wazungumze wawili wawili kabla ya yeyote kujibu, ili mkono wake usiwe wa peke yake hewani. Usimharakishe, mkono ulioshuka kwa neno moja haupandi kwa neno moja.

Kwa wapendao ushahidi: mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba wanafunzi weusi wa chuo Marekani walifanya vibaya zaidi walipoambiwa mtihani wapima akili zao kuliko walipopewa mtihani ule ule bila maneno hayo. Ukubwa wa athari hiyo wataalamu wangali wanaubishania. Mkono usioinuka, hata hivyo, unauona mwenyewe.

SWALI: Mimi nimetoka bara, nimehamishiwa shule ya kisiwani Lamu, nafundisha Kiswahili Gredi ya 5. Katika insha mtoto mmoja aliandika "ndia", "mai" na "moya". Nikasoma mbele ya darasa nikasema, "Hiki si Kiswahili." Siku ya pili bibi yake alikuja shuleni, akanisalimu vizuri, akaniuliza kama nimekuja kuwafundisha Waamu Kiswahili. Sikujua la kujibu. Mtihani wa taifa hautaki "ndia". Nifanyeje? (Mwalimu, Lamu)

JIBU: Bibi huyo amekuuliza kwa adabu, umshukuru. Ana haki, na wewe pia una haki, ila sentensi yako ndiyo iliyokuwa kosa.

Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, na uamuzi huo ulifanywa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Wakati huo watu wa Amu, Pate na Siyu walikuwa wameshatunga tenzi kwa lahaja zao kwa vizazi vingi. Kwa hiyo ukimwambia mtoto wa Amu kwamba "ndia" si Kiswahili umemwambia jambo lisilo kweli, tena juu ya lugha ya bibi yake. Sentensi sahihi haina urefu zaidi: "Hiki ni Kiamu. Katika mtihani twaandika Kiswahili sanifu, na sanifu ni njia."

Uzuri ni kwamba tofauti zenyewe zina mpango, na mpango waweza kufundishwa kwa kipindi kimoja cha dakika 35. Gawa ubao safu mbili, juu ya moja uandike "Nyumbani" na ya pili "Mtihani". Waache watoto wenyewe waje na maneno. Penye j ya sanifu, Kiamu mara nyingi kina y au hakina kitu: moya na moja, yana na jana, mai na maji. Penye nj kuna nd: ndia na njia, ndoo na njoo. (Mgeni akisikia mtoto anamwita mwenziwe "ndoo!" asikimbilie kutafuta ya kutekea.) Penye ch kuna t: mato na macho, tini na chini, na nchi ni nti. Kwa dakika kumi na tano watakuwa wamekujazia ubao, na kwa mara ya kwanza huenda mwanafunzi wa kipindi hicho akawa ni wewe.

Angalia kinachoweza kuharibika baadaye. Mtoto akishaogopeshwa na nd hugeuza kila nd kuwa nj, na ndugu yake mpendwa anakuwa njugu. Au y yote inakuwa j, akaandika "kalamu jangu". Hayo si ujinga, ni bidii iliyopita kiasi. Ni dalili kwamba amefundishwa kuogopa herufi badala ya kufundishwa mpango. Mrudishe kwenye safu mbili za ubaoni.

Katika kusahihisha insha, usitie mkwaju mwekundu juu ya neno la lahaja kama unavyotia juu ya kosa la tahajia. Andika herufi L pembeni, kwa kalamu ya risasi, yaani lahaja, na mtoto aandike neno la sanifu juu yake. Kosa la upatanisho wa ngeli libaki na wino mwekundu. Mtoto aone kwa macho kwamba ni vitu viwili. Na sheria iko upande wako ukitaka kumwonyesha mwalimu mkuu: Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 yaitaka serikali ilinde na kukuza lugha mbalimbali za watu wa Kenya.

Dawa hiyo hiyo yafaa kwa walimu wa Malindi na Mambrui walioandika juu ya watoto wa Kigiriama wanaosoma "madzi" penye maji darasa likaangua kicheko. Usimkatishe msomaji katikati ya sentensi kwa ajili ya matamshi, amalize aya. Sahihisha neno ambalo matamshi yake yamebadili maana tu. Ukisahihisha kila dz, umewafundisha wengine wote mahali pa kuchekea.

SWALI: Nilimuuliza mwanafunzi mpya anatoka wapi, akasema Mpeketoni. Nikamwambia, "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?" Nikamwona uso umebadilika. Nimejua nimekosea. Niombe radhi? Na mwalimu akimwomba radhi mtoto mbele ya darasa, heshima yake itabaki? (Mwalimu, Amu)

JIBU: Omba. Makao ya Mpeketoni, ya watu waliotoka bara, yalianza miaka ya 1970. Mtoto wa leo huenda ni mjukuu wa waliokuja, hajui "kwao" kwingine. Neno "hasa" ndilo lililochoma: lilimwambia jibu lake la kwanza halikukubaliwa.

Kanuni yetu ni kwamba radhi huombwa pale neno liliposemwa, ila kwanza muulize mtoto faraghani kama ataka iwe hivyo. Wengine watapenda liishe baina yenu. Akikubali, sentensi tatu: "Jana nilimuuliza mwenzenu anatoka wapi, akanijibu. Nikamuuliza tena kana kwamba hakujibu. Nisamehe." Usiongeze "sikukusudia", wala "unajua mimi nawapenda watu wa bara". Nyongeza hizo humgeuza mtoto akawa yeye ndiye wa kukuliwaza. Kuhusu heshima, darasa lililoona mwalimu akikosoa neno lake mwenyewe humsikiliza zaidi anapokosoa la kwao. Jaribu kisha utuandikie.

SWALI: Mie nimefundisha miaka zaidi ya ishirini. Pwani tuna utani. Mgiriama na Mdigo hutaniana, Mbajuni na Mwamu hutaniana, watu wa bara nao watani wetu. Hakuna aliyekufa. Mbona sasa mwataka kutuletea mambo ya Marekani, kila neno liwe kesi? (Mwalimu mkongwe, Mambrui)

JIBU: Mzee wetu, twakubaliana nawe nusu ya njia. Si kila neno ni kesi, na mwalimu anayeruka kwa kila cheko atalifanya darasa lizungumze kwa minong'ono, na minong'ono haina mwalimu. Hata huko Marekani wapo wapinzani: Scott Lilienfeld, mwanasaikolojia, aliandika mwaka 2017 kwamba madai juu ya jambo hili yametangulia ushahidi, kwa kuwa kipimo chake chategemea sana alivyosikia aliyeambiwa. Pingamizi hilo lina uzito kwa watafiti. Kwa mwalimu lina uzito mdogo, kwa sababu mwalimu hahitaji kumhukumu mtu ili aurudishe mkono wa mtoto hewani.

Lakini utani waujua kutushinda. Utani una masharti. Mtani hujibiwa: akikwambia la kuuma nawe una la kumrudishia, na la kwako lina uzito sawa na la kwake. Mtani husaidia, ndiye yule yule anayekuja kwako penye msiba. Na utani una mahali pa kukomea. Mtu akisema "leo sitaki", mwenziwe hunyamaza.

Sasa chukua mfano mmoja wa darasani uupime kwa masharti hayo. Watoto thelathini na wanane wanamwambia mmoja wa Kiaweer, ambao wengi twawaita Waboni ingawa wenyewe hujiita Aweer, kwamba arudi msituni akarine asali. Atawarudishia nini? Ana watu wangapi darasani wa kumsaidia kucheka? Akisema leo sitaki, watanyamaza? Utani wa upande mmoja si utani, na wewe mzee, ukisimama mbele ya watoto uwafundishe masharti ya utani kwa mifano ya kwenu, utafanya kazi ambayo sisi na vitabu vyetu hatuiwezi. Kipindi kimoja. Waulize: nani aweza kujibu? nani atakuja penye msiba wako? ukisema basi, inakuwa basi?

SWALI: Kwa dhati yangu mimi sibagui. Lakini mwenzangu asema nawauliza watoto wa mjini tu. Nitajuaje? (Mwalimu wa sekondari msingi, Malindi)

JIBU: Kwa karatasi moja na kalamu. Dhati haionekani, vijistari vyaonekana.

Chora ramani ya madeski ya darasa lako, kila mtoto na kisanduku chake. Mpe mwenzako huyo huyo aliyekusema, akae nyuma kipindi kizima cha dakika 40. Kila unapomuuliza mtoto swali la kukumbuka ("mji mkuu wa Tanzania ni upi?") atie kijistari katika kisanduku chake. Swali la kueleza ("kwa nini mto Sabaki wabadilisha rangi ya bahari wakati wa mvua?") atie duara. Unapokemea, atie alama ya kuzidisha. Fanyeni vipindi viwili, kimoja cha asubuhi na kimoja baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mwalimu aliyechoka humuuliza anayemjua.

Ukiisoma usitazame jumla tu. Jumla huenda ikawa sawa, ilhali maduara yote yako kwa watoto wa safu za mbele wanaotoka mjini, na waliotoka Kakuyuni na Ganda wana vijistari tu. Maana yake wawauliza wakumbuke, huwaulizi wafikiri. Hiyo ni dharau ndogo isiyo na neno hata moja, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiona.

Pima na kimya chako. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja baada ya swali kabla ya kuruka kwa mtoto mwingine. Waliponyosha kungoja kufika sekunde tatu, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Sekunde tatu darasani ni ndefu mno. Utajisikia umesahau somo. Hesabu vidole mgongoni. Na ungoje sawa kwa wote, kwa maana wengi wetu humngojea tunayemwamini na humhurumia tusiyemwamini kwa kumwondolea swali. Huruma hiyo mtoto huifahamu.

Kisha majina. Siku ya kwanza kila mtoto atamke jina lake mwenyewe nawe uandike kwa silabi pembeni ya rejista. Kadzo si "Kazo". D na z hutoka pamoja. Mtoto aitwaye Kazungu amekwisha kuusikia mzaha wa mzungu kabla hajafika shuleni, usimwongezee. Na usimwite mtoto "wewe wa buibui" au "yule Mbajuni" kwa sababu jina limekutoka. Sema "nikumbushe jina lako".

La mwisho katika karatasi hiyo, uandike nyuma yake nani hutumwa nini. Nani huenda kuteka maji, nani hufagia, nani hubeba meza za mkutano wa wazazi, na nani hupelekwa ofisini na rejista au huandika tarehe ubaoni. Fanya wiki mbili. Kama wachota maji ni wale wale wa kabila lile lile na waandishi ni wale wale, badilisha kwa zamu ya alfabeti, ibandike ukutani, usitoe hotuba.

SWALI: Nina mvulana ambaye baba yake ni Mwitaliano. Wenziwe humwita "pointi faivu" na kila neno la Kitaliano kwenye bango la hoteli wamtaka atafsiri. Yeye hacheki wala halii. Niingilie? (Mwalimu, Malindi)

JIBU: Ingilia, lakini kidogo. Jina lile lasema yeye ni nusu ya kitu. Likatazwe kwa sentensi ya mpaka kama tulivyoeleza juu, na usilibadilishe kwa "chotara", ambalo kwa wengi si afadhali. Ya kutafsiri yakomeshe kwa kutoyafanya wewe mwenyewe: usimuulize yeye desturi za Italia katika somo la Masomo ya Jamii, kama usivyopaswa kumuuliza mtoto mmoja Mwislamu aeleze Uislamu wote darasa lilipojaa Wakristo. Akipenda kueleza, atainua mkono.

SWALI: Lini dharau ndogo inaacha kuwa ndogo? Sitaki kupeleka kila kitu kwa mwalimu mkuu, wala sitaki siku moja niulizwe nilikuwa wapi. (Mwalimu wa ushauri nasaha, kaunti ya Lamu)

JIBU: Tumia daftari. Kila tukio mistari minne: tarehe na kipindi, maneno yenyewe ndani ya alama za kunukuu, aliyesema, aliyeambiwa na waliokuwepo, ulichofanya. Usiandike "alimdharau sana", andika alichosema. Daftari lenye vivumishi halimsaidii mtu siku ya kuulizwa.

Neno la namna moja likimpata mtoto yule yule mara tatu kwa mwezi, si bahati mbaya tena, hata kama wasemaji ni watatu tofauti. Hapo zungumza na wazazi, kila upande peke yake kwanza. Ukiwakutanisha siku ya kwanza, mkutano utakuwa wa kabila na kabila na watoto watasahauliwa.

Siku hiyo hiyo bila kungoja mara ya pili, nenda kwa mwalimu mkuu: neno likiambatana na kumgusa mtoto au kumnyang'anya kitu chake, kitisho cha aina yoyote, mtoto kuitwa mtumwa au jina la mnyama kwa ajili ya kabila lake, au aliyesema akiwa mwalimu. Ibara ya 27 ya Katiba yakataza kubaguliwa kwa misingi ya kabila, rangi, dini, lugha na kuzaliwa, na haisemi wanafunzi hawahusiki. Maneno ya kuchochea chuki za kikabila yana sheria yake pia, ile ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ingawa kwa mtoto wa shule ya msingi hiyo ni ya kumwelimisha, si ya kumtishia nayo.

Mwenzio akikuletea habari ya darasa lake, usimshauri palepale. Mwulize kwanza maneno yenyewe yalikuwa yapi, neno kwa neno, uyaandike. Mara nyingi akishayasikia yakisomwa kwa sauti atajua mwenyewe ni daftari au ni ofisi.